Msiba wa Ngonyani Kwenye Banda la Video

Kajetani Mhagama alijaliwa sauti kabla ya kujaliwa akili, na hayo ni maneno ya mama yake mzazi, si ya adui. Siku aliyozaliwa, wagonjwa wa wodi ya pili waliuliza kuna nini. Alipokuwa shule ya msingi mwalimu mkuu hakuhangaika na kengele. Alimsimamisha mlangoni akamwambia, "Waite," na hata watoto wa kijiji cha pili walifika wakikimbia. Kwaya ya kigango ilimpokea kwa shangwe Jumapili ya kwanza, na Jumapili ya pili ikamwomba apumzike, kwa kuwa waimbaji thelathini walikuwa wamegeuka kuwa kiitikio chake.

Sauti bila kazi ni ngoma bila mchezaji. Kajetani alipata kibarua kwenye ghala la tumbaku, akiita majina ya wakulima siku za ununuzi. Kisha ikaja miaka ya soko huria. Ghala likafungwa, na dunia iliyokuwa imefungiwa nje ikaingia Songea kwa mkupuo: redio za kila namna, sabuni za kila rangi, na mitumba. Kajetani akapanda juu ya robota la mitumba sokoni, akaanza: "Koti la Ulaya! Mwenyewe hakulichoka, alinenepa tu! Njoo ulivae, ukifika nyumbani mkeo atakuamkia shikamoo!"

Huko ndiko alikosikiwa na Daimu, mfanyabiashara kutoka Tunduru, aliyekuwa amefungua banda la video mtaa wa Bombambili. Televisheni moja, deki moja, mabenchi ya mbao, magunia madirishani kuzuia jua, na mlangoni mkewe Nasma akiuza vitumbua.

"Bwana Kajetani," Daimu alisema, "wallahi sauti hii unaimalizia kwenye suruali bure. Njoo uwasemee watu wa kwenye mikanda. Wateja wangu wanaona midomo inacheza, hawajui kinachosemwa."

"Kwani mimi Kizungu nakijua?"

"Wao wanajua kuwa hukijui?"

Kajetani alikubali kazi, lakini maneno hayo ya mwisho aliyakataa. Tangu siku ya kwanza, kabla mkanda haujaanza, alisimama mbele ya watu akatangaza: "Ndugu watazamaji, wanachokisema hawa wanakijua wao na mama zao. Mimi nawasoma nyuso. Asiyetaka, mlango uko pale kwa Nasma." Hakuna aliyewahi kutoka, isipokuwa kwa ajili ya kitumbua.

Banda la video si mahali pa kusifiwa, na hilo lisemwe wazi. Vijana walioacha majembe shambani walikuwa wakimalizia mchana humo, na ilipita humo mikanda ambayo mtu mwenye binti asingependa hata kusikia majina yake. Lakini lisemwe pia kwamba Kajetani alikuwa na sheria: mkanda wa aibu hausemei. Daimu alipomletea mmoja, alikaa kimya mwanzo hadi mwisho, mikono kifuani, na watazamaji wakatoka mmojammoja wakiinamisha vichwa, maana aibu ikikosa kelele hujisikia yenyewe. Daimu hakuuleta tena.

Basi Kajetani akampenda Fausta, aliyekuwa akijifunza ushonaji hapo Bombambili huku akiishi kwa shangazi yake. Fausta alikuwa na ulimi kama wembe mpya. Siku ya kwanza alimwambia, "Kaka, mimi niko hapa hapa. Unayemwita kule Peramiho ni nani?" Kajetani akacheka mpaka akaegemea ukuta, na tangu hapo hakukuwa na mwingine.

Tatizo lilikuwa baba yake Fausta, Mzee Otto wa Mpitimbi, katekista. Mzee Otto alikuwa amezika, amefundisha na amekemea vizazi viwili. Daimu alipokwenda kama mshenga, mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Huyo kijana, nasikia kazi yake ni kuwasemea watu maneno ambayo hawakuyasema. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mzee, lakini…"

"Hiyo ni amri ya nane: usiseme uongo. Binti yangu hataolewa na amri ya nane." Akatafakari kidogo, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. "Hata hivyo simhukumu mtu kwa masikio ya jirani. Jumapili baada ya misa nitakuja kumsikia. Nikimkuta mwongo, msirudi hapa tena."

Kwa hiyo Jumapili hiyo Kajetani alikuwa na mchana mmoja tu wa kumpata au kumkosa Fausta.

Mkanda ulichaguliwa kama mwanakondoo wa sadaka. Ulikuwa umefika jana yake kutoka Dar es Salaam, hauna hata jina ubavuni: wa vita, askari waliotekwa wakafungwa msituni, wakatoroka. Kajetani aliutazama nusu, umeme wa mgao ukakatika. Lakini nusu hiyo ilimtosha. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja, wala mtu aliyevaa nguo fupi, ila wafungwa ambao suruali zao zilikuwa zimechanika kwa dhiki.

Fausta alimvuta pembeni kabla ya kuanza. "Kajetani, nakuomba. Leo usitie chumvi."

"Nisipotia chumvi watakula nini?"

"Baba ana shinikizo la damu. Hali chumvi kabisa."

Mzee Otto aliwasili na baiskeli yake, koti limefungwa vifungo vyote, rozari mfukoni. Watu walimwamkia, "Shikamoo, Katekista," akaitikia "Marahaba" bila kutabasamu, akakaa kwenye kiti pekee chenye mgongo, mbele kabisa. Nyuma yake alikaa mtu ambaye Kajetani angeomba asiwepo siku hiyo: Mwalimu Edmund Kihwele, Mhehe wa Iringa, aliyehamishiwa Songea kufundisha hesabu. Na kila Mngoni na kila Mhehe anajua kuwa babu zao walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Tangu hapo Mhehe anaweza kumwambia Mngoni lolote, na Mngoni hana ruhusa ya kununa.

Mkanda ukaanza. Kajetani akasema tangazo lake kwa sauti ndogo, macho kwenye kisogo cha katekista. Wafungwa wakatokea, wamekonda, ndevu vifuani, ndani ya ua wa mianzi.

"Mtu anatembea," alisema Kajetani. Kimya. "Mtu mwingine naye anatembea." Kimya tena. "Wote wawili wamesimama."

"Hata mimi naona!" alipiga kelele mmoja wa nyuma. "Daimu, huyu leo anaumwa?"

"Anatembea tena," alisema Kajetani, jasho likimtoka.

Hapo mfungwa mmoja, kwa njaa aliyokuwa nayo, akanyakua panya pembeni ya ukuta, akamwinua kwa mkia. Mwalimu Kihwele aliruka kama aliyekalia siafu.

"Mnaona! Nilikuwa najiuliza hawa ni kabila gani! Ni Wangoni! Angalia anavyomshika, huyo amezoea tangu kwao!"

Banda likalipuka kwa kicheko. Mtu anaweza kuzuia njaa, anaweza kuzuia usingizi, lakini Mngoni aliyechokozwa na mtani hawezi kuzuia jibu. Sauti ikamtoka Kajetani kama maji ya bwawa lililobomoka.

"Ndiyo, ni Wangoni! Yule mwenye ndevu ndefu ni Mapunda, mnyapara wao, na huyu mwembamba mwenye panya ni Ngonyani, mwana wa Mpitimbi! Na waliowafunga ni Wahehe! Ndiyo maana ua ni wa mianzi. Asubuhi wanaugema ulanzi, mchana wanaunywa, jioni hawajui mfungwa yupi na mlinzi yupi! Na yule mkuu wa kambi, mwenye fimbo, anaitwa Mwalimu Kihwele!"

Hata Mwalimu mwenyewe alipiga makofi. Kisogo cha Mzee Otto hakikutikisika. Fausta, kwenye benchi la wanawake, alifunika uso kwa kanga.

Haikuwezekana tena kurudi nyuma. Wafungwa walikaa duara kunong'ona, wengine wakitaka kutoroka, wengine wakiogopa, wakaanza kuinua mikono. "Sasa humu gerezani kuna vyama vingi!" alitangaza Kajetani. "Chama cha Tukae na Chama cha Twende. Mapunda anawaambia, ndugu zangu, anayetaka kukaa akae, lakini mahindi Songea yamekomaa, nani anavuna?" Chama cha Twende kikashinda. Usiku wa kwenye televisheni ukaingia, wakapenya chini ya mianzi, wakaingia msituni, na watu wa Bombambili wakaingia nao. Wafungwa walipotambaa, mabenchi yaliinama. Walipovuka mto wakishikana mikono, mama mmoja alipandisha kanga yake magotini. Walinzi walipotokea na mbwa wakubwa, Kajetani hakusubiri.

"Msiogope! Wale mbwa hawakuletwa kuwinda. Mhehe akisafiri hubeba chakula chake cha mchana!"

"Mtani, utanilipa!" alifoka Mwalimu, machozi ya kicheko yakimtoka. "Utanilipa leo leo!"

Wakala mizizi, wakala kumbikumbi. Miguu ikavimba. Na hapo, kando ya mto mwingine, Ngonyani akashikwa na homa. Mapunda alimbeba mgongoni, akamlaza chini ya majani mapana, akampepea. Kajetani akashusha sauti, akaishusha mpaka watu wakajua kwamba kumbe nayo ina chini. "Ngonyani anasema: ukifika Mpitimbi, mwambie mama nilikuwa njiani. Mapunda anasema, utamwambia mwenyewe. Ngonyani anacheka kidogo." Mapunda akaacha kupepea. "Ngonyani amefariki."

Mwanamke akalia kwa sauti. Kwenye televisheni wenzake wakaanza kuchimba kwa mikono na vipande vya mti.

Ndipo Mwalimu Kihwele alipoinuka. Hakuwa akicheka tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa kazini. Alipita kati ya mabenchi, akavua koti, akalitandika sakafuni mbele ya televisheni, akajilaza juu yake chali, mikono kifuani.

"Hazikwi mtu hapa," alisema. "Mngoni amekufa na mnachimba kaburi kimyakimya, mtani nipo? Mmeona wapi? Kaburi hili ni langu. Nitoeni kwanza."

Na kila mtu mle ndani alijua kwamba ana haki. Kwenye msiba mtani hulala kaburini, huiga mwendo wa marehemu, hushika jeneza asiliachie mpaka apewe kitu, na mfiwa hucheka huku analia. Huo ndio utaratibu. Tabu ni kwamba marehemu huyu alikuwa ndani ya kioo na wachimbaji wake hawakujua utaratibu. Waliendelea kuchimba.

"Waambie wasimame!" Mwalimu alimwamuru Kajetani.

"Mapunda, simama!" alisema Kajetani kwa nguvu zake zote. Mapunda akamshika Ngonyani mabega, akaanza kumteremsha shimoni.

"Hasikii! Mngoni jeuri huyu! Anazika bila idhini yangu!" Mwalimu akainuka, akaikumbatia televisheni kama watani wanavyokumbatia jeneza, akaivuta kifuani. Waya ukajivuta, deki ikafuata, ikaning'inia, ikaanguka. Kikasikika kikohozi cha chuma. Kioo kikawa cheusi, na mkanda ukatoka mdomoni mwa deki kama utumbo wa kuku.

"La haula!" alisema Daimu, akaketi chini.

Mwalimu alibaki amekumbatia televisheni nyeusi, bado hajaelewa alichofanya. Watu waligeuka kumtazama Mzee Otto, kwa kuwa watu wakiona balaa humtazama mkubwa. Kajetani alimtazama Fausta. Fausta alikuwa ameshusha kanga, naye anamtazama baba yake kama mtu anayetazama wingu la mvua ya mawe juu ya mahindi.

Mzee Otto akasimama. Akafungua kifungo kimoja cha koti, jambo ambalo binti yake hakuwahi kumwona akilifanya mbele za watu. Alikwenda mlangoni kwa Nasma, akachukua kitumbua, akarudi akasimama mbele ya Mwalimu.

"Mtani," alisema, kwa sauti ile ile aliyoitumia makaburini miaka yote, "tumekukosea. Vijana wanatoka mbali, wamechoka, wamesahau kukuita. Pokea hiki, umwachie mwenzetu. Marehemu halali nje."

Mwalimu alikitazama kitumbua. "Kimoja? Kwa Mngoni mrefu vile?"

"Alikuwa amekonda," alisema Mzee Otto.

Kisha Mwalimu akapokea, akauma, akairudisha televisheni mezani kwa heshima, akasema, "Zikeni." Mzee Otto akageukia kioo, akainua mkono wa kulia hadi kwenye paji la uso, tayari kwa ishara ya msalaba, na hapo hapo akajiona mwenyewe ndani ya kioo cheusi: mzee wa Mpitimbi, kifungo wazi, anataka kumzika Mzungu wa kwenye deki. Mkono ukabaki hewani. Akaugeuza haraka, akajikuna kipara.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Walijikaza mpaka mabenchi yakatetemeka.

Mzee akakohoa. "Kijana."

"Naam, Baba."

"Hao wengine. Walifika?"

Hapa ndipo mchana wote ulipokuwa umelenga. Kajetani alijua kabisa neno ambalo watu walilitaka. Kusema "walifika" kulikuwa neno moja tu. Kila uso mle ndani uliliomba, na uso wa katekista uliliomba kuliko wote. Na nani angejua? Utumbo wa mkanda ulikuwa sakafuni.

"Sijui, Baba," alisema.

Banda likanung'unika kama mzinga wa nyuki.

"Hujui?" Mzee Otto alikunja uso. "Mchana kutwa umewasemea watu wazima wenye ndevu, mahindi yamekomaa, mama wa Mpitimbi, sasa ndiyo hujui?"

"Nilikuwa nawaona, Baba. Nikimwona mtu ana njaa, nasema ana njaa. Nikimwona ana hofu, namtafutia maneno ya hofu, na mwanzoni niliwaambia watu kwamba maneno ni yangu. Mwisho sikuuona, umeme ulikatika jana. Nikikwambia walifika, nakudanganya."

Mzee Otto alimtazama kwa muda mrefu kama anayepima unga kwa jicho. Kisha mabega yake yakaanza kucheza. Fausta alisema baadaye kwamba alidhani ni shinikizo. Kumbe kicheko kilikuwa kimefungwa ndani ya koti lile tangu kwenye panya, kinatafuta njia, na kifungo kilikuwa kimefunguliwa kimoja tu. Kilipotoka kilitoka chote. Alicheka mpaka akashika bega la Mwalimu Kihwele, na Mwalimu akacheka, kitumbua kikampalia, na Daimu aliyekuwa sakafuni akacheka akiwa ameshika utumbo wa mkanda.

"'Chakula cha mchana!'" alisema mzee akijifuta macho. "'Chama cha Tukae!' Ee Bwana, nisamehe." Akaketi, akaweka mikono magotini. "Haya. Kama mwisho haujulikani, si uongo kuwasindikiza. Tunajua wote kwamba tunawasindikiza. Mapunda yuko wapi sasa?"

Ukaanza mwisho ambao hakuna deki iliyowahi kuuonyesha. "Yuko Ruvuma, ng'ambo," alisema mmoja. "Mto umejaa." "Nampa mtumbwi," alisema Daimu, "nina mjomba kule Tunduru, hana makuu." Mwalimu Kihwele, kama Mhehe, alipewa haki ya kuwafukuza na mbwa mpaka mpakani, akaitumia kwa kubweka mwenyewe. Nasma akawapa vitumbua vya njiani. Kila wazo lilipotoka, Kajetani aliliinua kwa sauti yake na kulitembeza porini, mpaka wafungwa, wakichechemea, wakaona moshi wa nyumba za kwanza.

"Wameingia Mpitimbi," alisema Kajetani, kisha akasita, kwa kuwa Mpitimbi ilikuwa ya mtu mwingine. "Wanasimama njiani. Hawajui pa kufikia."

Mzee Otto alikuwa anafunga kifungo chake. Alikifunga taratibu.

"Wafikie kwangu," alisema. "Kuna maji ya kunawa. Mwambie Mapunda aje Jumamosi, saa nne, na mshenga wake Daimu. Avae shati zima." Akamwelekeza Mwalimu kidole. "Na huyu Mhehe aje naye, nimchunge kwa macho yangu. Nikimwacha nyuma atanizuilia binti."

Fausta akapiga kigelegele, akakumbuka kwamba bibi harusi hajipigii mwenyewe, akaziba mdomo. Wanawake wengine wakakimalizia.

Walifunga ndoa baada ya Pasaka. Kabla ya hapo fundi aliitengeneza deki, akauunganisha mkanda kwa gundi, na Daimu akauonyesha upya kwa wale walioukosa mwisho. Banda lilijaa hadi madirishani. Ikaonekana kwamba katika mkanda wenyewe Mapunda anafika peke yake, anaokolewa na ndege, anapelekwa kwenye nyumba ya saruji, analala. Basi. Watazamaji walipiga kelele kwa hasira. Walisema waliotengeneza mkanda wamekosea, na wengine walimtaka Daimu aurudishe ulikotoka ukarekebishwe.

Kajetani hakukubali kuusemea vingine. Aliwaonyesha ulivyo, akawaambia, "Ndivyo ilivyo. Kule kwao hakukuwa na mtani."

Naye Mzee Otto aliendelea kukataza banda la video kwa waumini wake wakati wote wa Kwaresima, na alikuwa sahihi. Lakini siku ya harusi, gari la maharusi lilipofika kwenye kona ya kuingia Mpitimbi, lilikuta mwanzi mrefu umelazwa barabarani, na Mwalimu Kihwele amelala nyuma yake, chali, mikono kifuani, anawasubiri wafungwa wake. Katekista akashuka, mkono tayari mfukoni. Safari hii alikuwa amebeba vitumbua viwili.